Fumbo la 71 na wenzake: rekodi za wasaka funguo za Bitcoin

400000000000000000:7fffffffffffffffff

Mstari huu unaandikwa kila siku na watu wanaosaka fumbo la 71 la Bitcoin. Namba ya kushoto ni mwanzo na ya kulia ni mwisho, zote zikiwa katika hesabu ya msingi wa 16, ambayo hutumia tarakimu 0 hadi 9 kisha herufi a hadi f. Programu ikishapewa mipaka hiyo miwili, huchukua namba zilizo katikati, huzigeuza kuwa anwani za Bitcoin, na kulinganisha kila anwani na ile inayotafutwa. Ikifanana, namba hiyo ndiyo ufunguo wa siri, na aliyeipata anaweza kuhamisha pesa iliyomo.

Chanzo cha fumbo hili na wenzake ni muamala mmoja wa tarehe 15 Januari 2015. Mtu ambaye hadi leo hajajitambulisha alichukua bitcoin 32.896 akazigawa katika anwani 256. Ya kwanza ilipata 0.001, ya pili 0.002, na kuendelea hadi ya mwisho iliyopata 0.256. Ufunguo wa anwani ya kwanza una biti moja, wa pili una biti mbili, na kila fumbo linazidi la kabla yake kwa biti moja. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba hakuna mpangilio uliofichwa: alitumia funguo za kawaida za pochi, akazikata mbele ili zipate urefu alioutaka. Mwaka 2017 aliondoa pesa kwenye anwani za 161 hadi 256 na kuziongezea za chini, kwa sababu anwani yenyewe ina biti 160 tu na kupita hapo hakuongezi ugumu. Aprili 2023 akapandisha zawadi za mafumbo yaliyobaki mara 10, na tangu hapo fumbo la 71 limebeba bitcoin 7.1.

Programu zenyewe ni za bure. BitCrack, KeyHunt na Kangaroo zinapatikana kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti, awe Nairobi, Muscat au Kizuka katika komine ya Rumonge nchini Burundi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ndiyo maana nataka msomaji wa huko ajue rekodi hizi zinasema nini. Nyingi husimuliwa kama hadithi za mitambo mikubwa na bahati. Nikizitazama kwa makini naona mshindi mara nyingi alikuwa mtu aliyeufahamu wigo wake vizuri: unaanzia wapi, unaishia wapi, na kuna taarifa gani nyingine inayoweza kuupunguza.

Upana wenyewe

Fumbo la 71 linaanzia mbili kwa kipeo cha 70 na kuishia kabla tu ya mbili kwa kipeo cha 71. Katikati mna funguo 1,180,591,620,717,411,303,424. Namba hiyo haiingii kichwani kirahisi, lakini mtu wa Kizuka ana kipimo mbele ya macho yake. Tanganyika ndilo ziwa la maji baridi refu kuliko yote duniani, kilomita 673 hivi, na kina chake cha mita 1,470 kinazidiwa na Baikal peke yake. Maji yake ni takriban kilomita za ujazo 18,900. Ukihesabu matone 20 kwa kila mililita, ziwa zima, kuanzia Bujumbura hadi Mpulungu, lina matone yanayokaribia 380,000,000,000,000,000,000. Fumbo la 71 linahitaji maziwa matatu ya namna hiyo, kila tone likiwa ufunguo mmoja, na tone moja tu ndilo sahihi.

Fumbo la 69 lilikuwa dogo kidogo kuliko ziwa moja, na lilifunguliwa Aprili 2025.

Tuchukulie mtu ana kadi moja nzuri ya michoro inayojaribu funguo bilioni 5 kwa sekunde na kula wati 400. Kulipitia fumbo la 71 lote kutamchukua miaka 7,500 hivi. Umeme utakaoliwa ni sawa na wote ambao kituo cha Maporomoko ya Rusumo, chenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, kingezalisha kwa wiki mbili bila kupumzika. Kwenye nchi kama Burundi, ambayo kaya nyingi bado hazijaunganishwa na umeme, hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua kadi.

Tarakimu moja

Kosa ninaloliona la hatari kuliko yote katika kuweka mipaka ni dogo sana kwa macho. Katika msingi wa 16 kila tarakimu hubeba biti nne. Rudi kwenye mstari wa juu kabisa: 4 inafuatwa na sifuri 17, na 7 inafuatwa na f 17. Ukisahau sifuri moja na f moja, programu haitalalamika. Itaanza kazi, itaonyesha kasi nzuri, namba zitapanda kwenye kioo, nawe utakuwa unasaka fumbo la 67, ambalo lilikwisha kufunguliwa na kuchukuliwa pesa zake Februari 2025. Ukiongeza tarakimu moja kila upande, umehamia fumbo la 75, lenye wigo mpana mara 16.

Wanaojua kazi huanza na fumbo lililokwisha kujulikana. La 20 linafaa: mipaka yake ni 80000:fffff, na ufunguo ni d2c55, yaani 863,317 katika hesabu ya kawaida. Programu iliyowekwa sawasawa huutoa kabla hujaondoa kidole kwenye kibonyezo. Isipoutoa, kuna kitu hakijakaa sawa, na ni heri kukijua hapo kuliko baada ya miezi.

BitCrack ina mambo mawili yanayomfaa mtu wa mahali penye umeme wa kukatika. Inaweza kuhifadhi ilipofika kwenye faili, ili ikiwashwa tena iendelee hapohapo. Pia inaweza kugawa wigo katika mafungu sawa, mtu mmoja akachukua la kwanza kati ya 100 na mwenzake la pili, bila wawili kurudia njia moja. Bila utaratibu huo wengi husaka kwa kuruka ovyo, na hawawezi kusema wamekwisha kupita wapi.

Ufunguo ulioketi mlangoni

Hapa ndipo penye utamu. Mafumbo yaliyofunguliwa yana majibu yanayojulikana, kwa hiyo tunaweza kupima kila ufunguo ulikuwa wapi ndani ya wigo wake.

Ufunguo wa fumbo la 64, uliopatikana Septemba 2022, ulikuwa umbali wa asilimia 93 kutoka mwanzo. Aliyeanzia chini angepita karibu wigo wote kabla ya kuufikia. Wa 66 ulikuwa kwenye asilimia 26, wa 67 kwenye asilimia 80, wa 68 karibu katikati kabisa. Kisha ukaja wa 69. Wigo wake unaanza na 1 ikifuatwa na sifuri 17, na ufunguo ulikuwa 101d83275fb2bc7e0c. Soma tarakimu za mwanzo: 1, 0, 1. Uko chini ya asilimia moja kutoka mwanzo, takriban asilimia 0.7. La 68 na la 69 yalifunguliwa mwezi mmoja, ingawa la pili lina wigo mara mbili ya la kwanza.

Kati ya mafumbo yenye zawadi ya maana, hilo ndilo ambalo ufunguo wake ulikuwa karibu zaidi na mwanzo wa wigo. Lakini rekodi ya yote ni ya fumbo dogo la 4. Wigo wake ni 8 hadi 15, na ufunguo ni 8: namba ya kwanza kabisa. Jirani yake, la 3, lina wigo wa 4 hadi 7, na ufunguo ni 7: namba ya mwisho kabisa. La 10 linaanzia 512, na ufunguo wake ni 514.

Nimeona watu wakichora majedwali ya asilimia hizi ili kukisia la 71 liko wapi. Nawaelewa, maana jicho la binadamu hutafuta njia hata pasipo njia. Ila funguo hizi zilitoka kwenye pochi iliyozizalisha kwa nasibu, na nasibu haikumbuki ilipoangukia jana. Kuanzia asilimia 50, au 80, au sifuri, kuna nafasi ileile. Kinachobadilisha nafasi yako ni idadi ya funguo ulizojaribu bila kurudia.

Kubwa lililofunguliwa kabla ya dogo

Fumbo la 65 lilifunguliwa Juni 2019. La 64, lenye nusu ya upana wake, lilisubiri hadi Septemba 2022. Miaka mitatu na zaidi, na kwa mpangilio wa kinyume. Kisa chake ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika orodha hii.

Anwani ya Bitcoin haionyeshi ufunguo wa umma. Inaonyesha matokeo ya kuusaga ufunguo huo, na kilichosagwa hakirudi. Msakaji hana la kufanya ila kujaribu funguo moja moja. Mwishoni mwa Mei 2019 mwenye mafumbo alituma kiasi kidogo sana, satoshi 1,000, kutoka kila anwani ya tano: 65, 70, 75, na kuendelea hadi 160. Anwani inapotuma pesa, ufunguo wake wa umma hutangazwa pamoja na sahihi, na hubaki wazi daima. Ukiwa na ufunguo wa umma huna haja ya kutembea namba kwa namba. Unaweza kuruka.

Njia hiyo ya kuruka ilielezwa na Mwingereza John Pollard mwaka 1978, naye akaipa jina la kangaruu. Kuna makundi mawili ya warukaji. Kundi la kwanza, wafugwao, linaanzia mahali unapopajua. La pili, wa mwitu, linaanzia kwenye ufunguo usioujua. Urefu wa kila mruko unaamuliwa na mahali mrukaji aliposimama, hivyo wawili wakitua mahali pamoja, kuanzia hapo watafuata njia moja. Mfugwa na wa mwitu wakikutana, unajumlisha mahali alipoanzia mfugwa na miruko yake, unatoa miruko ya wa mwitu, na tofauti ni ufunguo. Kazi inayohitajika ni kama mara mbili ya kipeuo cha pili cha upana wa wigo. Wigo wenye funguo 10,000 humalizwa kwa miruko 200 hivi.

Kwa hiyo wigo unabaki muhimu hata hapa. Katika programu ya Kangaroo iliyoandikwa na Mfaransa Jean-Luc Pons unaandaa faili fupi: mstari wa kwanza mwanzo, wa pili mwisho, wa tatu ufunguo wa umma. Ukiweka mipaka isiyohusisha ufunguo, warukaji wataruka milele bila kukutana panapofaa, na hakuna onyo litakalotokea. Programu hiyo pia ina kikomo chake, wigo wa biti 125. RCKangaroo, iliyokuja baadaye, imesogeza kikomo hadi biti 170.

Juni 2020 Pons na mwenzake walitumia kadi hadi 256 za Tesla V100 kulifungua fumbo la 115 kwa siku 13. La 110 liliwachukua siku mbili na kidogo. La 120 na la 125 yakafuata mwaka 2023. Septemba 2024 mtu anayejiita RetiredCoder alifungua la 130, lenye bitcoin 13, na ndilo refu kuliko yote yaliyofunguliwa hadi hapo.

Linganisha sasa. La 130 lina biti karibu mara mbili ya la 69, lakini kwa njia ya kuruka linahitaji hatua zipatazo 52,000,000,000,000,000,000, yaani kama sehemu moja ya sita ya funguo zilizomo kwenye wigo wa la 69. Fumbo ambalo kwa jina linaonekana haliwezekani lilikuwa na kazi ndogo kuliko lile linaloonekana rahisi. Tofauti ni ufunguo wa umma mmoja.

Vyuo vikuu navyo vimefika karibu na hapo. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha EPFL mjini Lausanne, Uswisi, walivunja ufunguo wa biti 112 kwa mitambo zaidi ya 200 ya PlayStation 3. Na upande wa kujaribu namba moja moja, mradi wa distributed.net ulimaliza Julai 2002 shindano la kuvunja ufunguo wa RC5 wa biti 64 baada ya siku 1,757 na washiriki 331,252. Mradi huohuo ulianza la biti 72 mwishoni mwa mwaka huo, na miaka 20 baadaye ulikuwa bado uko kazini.

Ushindi ulioporwa

Septemba 2024 mtu alipata ufunguo wa fumbo la 66. Bitcoin 6.6, zaidi ya dola 350,000 kwa bei ya siku ile. Alifanya alichopaswa kufanya: akaandika muamala, akautia sahihi, akautangaza.

Muamala wa Bitcoin hukaa kwenye foleni ukisubiri kuingizwa kwenye bloku, yaani fungu la miamala, kwa kawaida dakika 10 hivi, na wakati huo kila mtu anauona. Ufunguo wa umma uliokuwa umefichwa tangu 2015 ukawa wazi. Programu za kuvizia zilikuwa zinaingojea anwani hiyo zikijua wigo wake barabara. Kwa wigo mdogo kiasi hicho njia ya kangaruu inahitaji miruko bilioni 12 hivi, jambo la sekunde chache kwa kadi nzuri. Mviziaji akapata ufunguo uleule, akatangaza muamala wake wenye ada kubwa zaidi, nao ukachukua nafasi ya ule wa kwanza. Aliyeupitia wigo wa matrilioni kwa matrilioni akaachwa mikono mitupu na mtu aliyesubiri mlangoni.

Linaniuma kisa hiki. Kinga ilikuwepo: baadhi ya wachimbaji wakubwa, yaani wanaounda bloku, hupokea muamala moja kwa moja bila kuupitisha kwenye foleni ya wazi. Yeyote anayesaka la 71 ajifunze njia hiyo kabla ya kuanza, kwa sababu akishapata ufunguo hatakuwa na muda wa kujifunza.

Wigo finyu, wizi mkubwa

Mwaka 2019 mtafiti Adrian Bednarek na wenzake wa kampuni ya Independent Security Evaluators walifanya jambo lililoonekana la kipuuzi. Funguo za Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu za kidijitali, zina biti 256, kama za Bitcoin. Wao wakachagua vipande vinane tu vya wigo huo, kila kimoja cha biti 32, wakajaribu funguo bilioni 34 kwa jumla. Walipata funguo 732 zilizokuwa zimetumiwa na watu wa kweli, pamoja na ufunguo ulio namba 1 yenyewe. Huenda programu zenye kasoro ndizo zilizozizalisha badala ya funguo za nasibu.

Wakagundua pia kwamba hawakuwa wa kwanza kufika. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akifagia anwani hizo dakika ileile pesa inapoingia, naye alikuwa amekusanya takriban ether 45,000. Kwa bei ya kilele cha 2018 ni zaidi ya dola milioni 50.

Niseme wazi: kusaka anwani za mafumbo ni mchezo ambao mwenye pesa ameualika ulimwengu kuucheza. Kusaka pochi za watu wengine ni wizi. Na anayemuuzia kijana wa Rumonge programu kwa madai kwamba inafungua pochi yoyote anamdanganya. Wigo kamili una idadi ya funguo inayoandikwa kwa tarakimu 78, na hakuna mtambo duniani unaoupitia. Programu ya kupewa na mtu usiyemjua inaweza pia kupeleka kwake chochote inachokipata. Tena kwa upande wa Burundi kuna sheria ya kuzingatia: Septemba 2019 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipiga marufuku biashara ya sarafu za kidijitali nchini, kwa hiyo hata mshindi angekuwa na suala la kuuza alichoshinda.

Karibu na nyumbani

Kuna msako mwingine mkubwa wa namba ulioanzia si mbali na mwambao huu, huko Kongo, kaskazini mwa ziwa. Septemba 2020 Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianza kuchimba bitcoin huko Luviro, kwa umeme wa maji, katika makontena yaliyojaa mitambo. Hifadhi ilikuwa imepoteza watalii kwa vita, Ebola na Uviko, na umeme uliokosa wateja ukageuzwa kuwa mapato ya kuendesha hifadhi.

Kuchimba nako ni kusaka ndani ya wigo. Kila bloku ina nafasi ya namba ya biti 32, yaani namba 4,294,967,296 za kujaribu. Mtambo mmoja wa terahashi 100, yaani majaribio trilioni 100, kwa sekunde huimaliza nafasi hiyo zaidi ya mara 23,000 kila sekunde, kisha hubadilisha kitu kingine ndani ya bloku na kuanza upya. Mchimbaji aliyejiunga na wenzake hulipwa kidogo kidogo kwa kazi aliyoifanya, hata asipopata yeye. Msaka fumbo akiwa peke yake hupata yote au hapati kitu, na asilimia 99 ya wigo aliyokwisha kuipita haimletei faranga moja.

Baada ya la 69, fumbo dogo kuliko yote lililobaki ni la 71, kwa kuwa la 70 lilishafunguliwa 2019 kwa ufunguo wake wa umma. Kwa wenye njia ya kangaruu zamu ni ya la 135, lenye bitcoin 13.5. Kutoka la 130 hadi la 135 kazi inaongezeka mara 5.7 hivi, na inaongezeka tena kiasi hichohicho hadi la 140, kisha 145, 150, 155. La mwisho ni la 160. Kwa kadi 1,000 zinazoruka mara bilioni 8 kwa sekunde kila moja, hilo lingechukua karibu miaka 6,800.